Kusoma hedifoni kabla ya kununua amplifaya yake

Kwa mtu wa Kigoma, amplifaya ya hedifoni mara nyingi huagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Ikifika na isikufae, kuirudisha ni kulipia tena zaidi ya kilomita elfu moja, na muuzaji atakwambia chombo ni kizima. Na kweli ni kizima, ila hakikuendana na hedifoni. Kwa hiyo anza na hedifoni, tena kwa hesabu, kabla hujatuma hela.

Tafuta namba mbili kwenye boksi lake: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na usikivu, unaopimwa kwa desibeli. Boksi likipotea, weka mita ya fundi (maltimita) kwenye omu 200 (au 2000 ikigoma kusoma), gusa ncha ya jeki na shina lake. Ikisoma 30 hivi, hiyo ni hedifoni ya omu 32. Usikivu haupimiki kwa mita. Utafute kwa jina la modeli.

Hapo kwenye usikivu ndipo wengi hupotea. Kampuni nyingine huandika desibeli kwa miliwati 1, nyingine kwa volti 1, na namba hizo hazilingani. Kwa hedifoni ya omu 32, volti 1 ni miliwati 31, hivyo toa desibeli 15 ili upate hesabu ya miliwati. Kwa omu 300 unatoa 5 tu. Hedifoni yenye "110" kwa volti na yenye "97" kwa miliwati, zote zikiwa za omu 50, zina usikivu uleule kabisa.

Lengo la hesabu liwe desibeli 110. Hicho si kiwango cha kusikiliza, ukikaa hapo masikio yataharibika; ni nafasi ya vilele, ngoma inapopigwa ghafla katikati ya muziki wa desibeli 85. Kila desibeli 3 za ziada zinataka nguvu maradufu, na kila 10 zinataka mara kumi.

Chukua Audio-Technica ATH-M50x: omu 38, desibeli 99 kwa miliwati. Inahitaji takriban miliwati 13, yaani volti 0.7. Simu au adapta nzuri ya USB-C inayotoa volti 1 inaitosha, na amplifaya hapo ni kupoteza pesa. Hedifoni nyingi zinazouzwa madukani Mwanga, hapa Kigoma, ziko kundi hili au chini yake.

Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, desibeli 96, ni habari nyingine. Inataka miliwati 25, ambazo kwa omu 250 ni volti 2.5, lakini mkondo ni miliampea 10 tu. Simu ya volti 1 itaipa miliwati 4. Itatoa sauti, lakini kwa unyonge, na ukirekodi kwaya huku waimbaji wako chumba kilekile hutasikia unachorekodi. Hedifoni ya omu nyingi ina njaa ya volti.

Pleneri, zile zenye utando mpana kati ya sumaku, zina njaa ya mkondo. Ya omu 35 na desibeli 93 inataka miliwati 50: volti 1.3 tu, ila miliampea 38. HiFiMan HE-6, yenye omu 50 na desibeli 83.5, inataka karibu miliwati 450. Hiyo ni kazi ya amplifaya ya mezani, usiitafutie kidude cha mfukoni.

Sasa soma tangazo la amplifaya kwa jicho hilo. "Miliwati 300" bila kutaja omu haina maana. Kama ni kwa omu 16, hizo ni volti 2.2, na kwa hedifoni ya omu 250 zitabaki miliwati 19 ikiwa volti ndiyo kikomo chake. Muulize muuzaji namba ya omu iliyo karibu na yako. Vibodi vya bei rahisi vinavyokula volti 5 za USB moja kwa moja haviwezi kuvuka volti 1.8 kwenye tundu la kawaida la milimita 3.5 hata vikiandikwa nini, isipokuwa ndani yake mna saketi ya kupandisha volti.

Erifoni za kuingia sikioni zina shida ya kinyume, nguvu huzidi. Ya omu 16 na desibeli 110 inatosheka na volti 0.13. Ukiipa amplifaya inayokuza mara kumi, utasikia "shhh" hata bila muziki, na kitasa cha sauti kitatumika mwanzoni tu, pale ambapo sikio moja husikia zaidi ya lingine. Chagua yenye swichi ya geini, yaani ya kiasi cha kukuza, na geini ya chini iwe mara moja au mbili.

Tazama pia ukinzani wa tundu la amplifaya lenyewe. Usizidi moja ya nane ya hedifoni: kwa omu 16, mwisho 2, kwa omu 32, mwisho 4. Matundu ya miksa nyingi hupita hapo kwa mbali, na erifoni zenye spika ndogo kadhaa ndani hubadilika sauti kabisa zikichomekwa humo. Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea ziachie hedifoni za omu 250 na kuendelea.

Kupima ukinzani huo wa tundu ni rahisi. Cheza mlio wa hezi 100, pima volti za AC kwenye tundu likiwa tupu, kisha ukiwa umeweka rezista ya omu 33. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, toa 1, zidisha kwa 33. Mfano: 0.50 ikishuka hadi 0.30, tundu lina omu 22. Mita ya njano ya bei nafuu haifai hapa, kwani AC yake huanzia 200. Azima yenye volti 2.

Kuhusu umeme: inveta za sola za bei ya chini hutoa wimbi la mraba, na transfoma ya amplifaya itavuma. Ukiunganisha betri ya volti 12 moja kwa moja, hakikisha amplifaya inavumilia 14.4, maana sola ikichaji betri hufika huko. Mvumo ukija kupitia laptopu, chomoa chaja yake. Ukikoma, tatizo ni graundi.

Tundu la "balanced", ambalo kila sikio lina nyaya zake mbili, kama lile la milimita 4.4, usilishushe kwa adapta kwenda 3.5. Adapta huunganisha nyaya mbili ambazo zote zina sauti, na amplifaya inaweza kuungua.

Kabla ya kuvaa, washa amplifaya bila hedifoni, sauti ikiwa sifuri, subiri nusu dakika, pima DC kwenye tundu. Hapa mita ya njano inatosha. Chini ya milivolti 20, chomeka. Ikizidi 50, usichomeke, mpelekee fundi.