Kabla hujapiga kiki: anza na tairi, kisha kichwa

Ukitoka Mombasa kuelekea Voi, ukishaipita Mariakani utaanza kuviona kando ya lami: vipande virefu vya tairi, vimejikunja kwa jua. Mara nyingi tairi la namna hiyo lilikuwa limeshatoa dalili tangu nyumbani. Ndiyo maana ukaguzi wangu huanzia chini, kwenye mpira, na naufanya jioni ya kuamkia safari. Asubuhi maduka hayajafunguliwa na moyo umeshatangulia barabarani, utajiambia litafika tu.

Chuchumaa ubavuni mwa tairi utafute herufi DOT. Mwisho wa mfululizo wake pana tarakimu nne. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pengine zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, angalia na upande wa ndani. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo: hukauka, ukafanya nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Tairi la mtumba lililopakwa dawa likang'aa huwadanganya wengi, wakati umri wake umeandikwa palepale. Mimi likishapita miaka sita nalitilia shaka, hata likiwa na mpira mzuri.

Kisha tazama mifereji. Ndani yake mna vituta vidogo, na herufi TWI ubavuni hukuonyesha vilipo. Kwenye tairi za gari dogo vituta hivyo vina kimo cha milimita 1.6, kiwango ambacho Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimekiweka kuwa mwisho wa kisheria. Mpira ukishalingana na kituta, tairi limekwisha. Lakini usingoje mpaka hapo. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi, na mvua ya masika haingoji ufike kwa fundi. Wapo wanaochongesha tairi lililoisha kipara kwa chuma cha moto ili mifereji irudi. Tafadhali usilikubali tairi hilo, liwe la gari au la pikipiki. Kina unachokiona kimekatwa kwenye mpira uleule uliokuwa unazilinda nyuzi za ndani ya tairi.

Bodaboda nyingi zina tairi la nyuma la 3.00-17, na baada ya kipimo hicho unaweza kukuta 50P. Hiyo 50 ina maana ya kilo 190, uzito wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba, nayo P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu ya dereva, abiria watatu na gunia la viazi, halafu ukumbuke kuwa sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa nyuma. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 103B, inaruhusu abiria mmoja tu.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, au kwenye stika iliyo mlangoni mwa gari upande wa dereva. Namba ya upepo iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo, si kipimo cha kujazia. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, likapata moto ndani kwa ndani, matabaka yakaachana. Nyingi ya zile zilizolala kule Mariakani zilianza hivyo.

Kifungu hichohicho cha 103B kinadai helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, na abiria naye hakusamehewa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini si kila kofia inayouzwa barabarani ni helmeti. Niliwahi kununua moja kwa sababu ya bei. Nilipouvuta mkanda, kifungo kikabaki mkononi. Siku hizi natafuta kwanza lebo yenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa. Ndani ivae kwa kubana mashavu. Funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni. Ikitoka, hata barabarani itatoka. Na ikishapiga chini katika ajali, iache, kwa kuwa povu la ndani likishabonyea halirudi.

Vioo, honi, indiketa na taa ya breki ni kazi ya dakika mbili, ukimwomba mtu asimame nyuma. Vioo virudishwe hata kama vijana wanasema vinaharibu sura ya pikipiki.

Kwa mwenye gari, buti liwe na jeki, spana ya magurudumu, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi. Tairi la akiba nalo litoe ulisome. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote garini, limekuja nalo kutoka Japani, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia.