Hereni za Redio na Ramani ya Radi: Namna ya Kuvitumia Pamoja Malishoni

Wafugaji wengi wanaovalisha ng'ombe wao hereni za kielektroniki hutegemea kitu ambacho hereni hizo haziwezi kufanya: kuwaonyesha mnyama yuko wapi. Hereni ya kawaida haina betri. Ndani yake mna chipu ndogo na koili ya waya mwembamba. Kisomaji kikisogezwa karibu, mawimbi yake ya redio, ya masafa ya kilohezi 134.2, huipa chipu nguvu ya kutosha kutaja namba yake yenye tarakimu 15, basi. Kisomaji kikiondoka, hereni inanyamaza.

Ramani ya radi nayo huaminiwa kupita kiasi. Haikwambii radi itapiga wapi kesho. Inakwambia ni miezi gani, saa zipi na upande upi ambako ngurumo huzidi. Hereni inajua nani, ramani inajua lini. Mahali unapajua wewe, kwa namna unavyopanga visomaji na kuandika daftari. Asiyeliweka sawa jambo hilo atatumia fedha nyingi na kubaki pale pale.

Tuanze na hereni. Itobolewe kati ya mistari miwili migumu ya gegedu, katikati ya sikio kwa urefu au karibu zaidi na kichwa. Hereni iliyowekwa karibu na ncha hunasa kwenye vichaka na kung'oka na kipande cha sikio. Pini iingie kutoka nyuma, kitufe chenye chipu kikae upande wa ndani wa sikio. Epuka mishipa ya damu, ambayo huonekana vizuri ukilimulika sikio kwa nyuma. Chovya pini na koleo kwenye dawa ya kuua vijidudu kila unapohama mnyama, na kwa ndama acha nafasi, maana sikio litanenepa. Usifanye kazi hii nzi wanapokuwa wengi, kwa sababu watataga kwenye kidonda. Sikio la kulia au la kushoto? Fuata utaratibu wa nchi yako, maana unatofautiana.

Kisomaji cha mkononi husoma kwa umbali wa sentimita 10 hadi 30 hivi. Kile kikubwa cha kufunga langoni hufika karibu mita 1 kikiwa kimewekwa vizuri, na hapo kwenye "vizuri" ndipo watu wanapokwama. Ukikibana moja kwa moja kwenye nguzo ya chuma, chuma hicho kitameza mawimbi na umbali utapungua sana. Kiweke kwenye mbao au plastiki. Mota ya umeme, mashine ya uzio wa umeme na kisomaji kingine kilicho karibu pia huleta kelele za redio. Kama namba zinaruka, zima mashine hizo moja baada ya nyingine kabla hujaanza kulaumu hereni. Langoni ng'ombe wapite mmoja mmoja. Hereni mbili zikiwa mbele ya kisomaji kwa wakati mmoja huingiliana, na mara nyingi hakuna inayosomeka.

Kisha funga visomaji, au simama na kile cha mkononi, kwenye milango ya vipande vya malisho badala ya mlango wa zizi peke yake. Andika namba, lango, saa. Mnyama aliyesomwa akiingia kipande cha bondeni saa nne asubuhi na hajasomwa akitoka, yuko bondeni. Ni hesabu rahisi, lakini inafanya kazi ambayo kola ya shingoni yenye GPS (kifaa kinachotambua mahali kwa kutumia setilaiti) hufanya kwa gharama kubwa zaidi, na betri ya kola huisha siku ambayo hukuitarajia. Kola zinafaa penye malisho mapana yasiyo na milango. Penye vipande vilivyozungushiwa uzio, nisingeanza nazo.

Sasa ramani. Radi inapopiga hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana yanayosafiri maelfu ya kilomita, na vituo vya ardhini hulinganisha muda mawimbi hayo yalipovifikia ili kukadiria radi ilipopiga. Setilaiti huhesabu mimweko kutoka juu. Setilaiti ya TRMM ilifanya hivyo juu ya nchi za joto tangu mwishoni mwa 1997 hadi 2015, na takwimu zake ndizo zilizoonyesha kwamba Ziwa Maracaibo nchini Venezuela hupata mimweko takriban 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban 205. Kwa Afrika na Ulaya ipo sasa setilaiti ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 ikiwa na kifaa cha kufuatilia radi mfululizo.

Unapofungua ramani kama hizo, usiridhike na ile ya wastani wa mwaka. Tafuta ya mwezi kwa mwezi, na kama ipo, ya saa. Nchi kavu radi huwa nyingi alasiri na mwanzo wa jioni, ardhi ikishapata joto. Karibu na maziwa makubwa huweza kuhamia usiku hadi alfajiri. Kumbuka pia kwamba setilaiti huhesabu mimweko yote, na sehemu kubwa ya mimweko hubaki ndani ya mawingu bila kugusa ardhi. Rangi nyekundu kwenye ramani haina maana kwamba shamba lako linapigwa kila siku.

Ramani hizo huonyesha eneo la makumi ya kilomita, hivyo kilima chako hakionekani. Ongeza ya kwako. Kila siku ya ngurumo andika saa ilipoanza, upande ilikotoka, ilikoelekea, na sekunde kati ya mmweko na mngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Baada ya misimu michache utajua kama mawingu yako hutokea mashariki saa tisa alasiri au vinginevyo. Redio ya zamani ya AM nayo inasaidia. Iweke kwenye masafa yasiyo na stesheni. Mikwaruzo ikianza kuongezeka, radi iko njiani hata kama anga bado ni jeupe.

Hapo sasa unganisha. Katika miezi ya radi nyingi, panga vipande vya kileleni na vyenye mti mmoja mkubwa viliwe asubuhi, na alasiri kundi liwe bondeni au kwenye uwanda wenye vichaka vya urefu unaolingana. Orodha ya lango ikuonyeshe kabla ya saa ya ngurumo kwamba hakuna aliyebaki juu. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mmweko na mngurumo, wewe mwenyewe ingia ndani ya jengo au gari, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Usimfuate ng'ombe.

Kwa nini mti mmoja unaua wengi? Radi ikipiga mti, mkondo wa umeme husambaa ardhini kutoka hapo. Miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbali kwa mbali, kwa hiyo mkondo hupanda mguu mmoja, hupita kifuani na kushukia mwingine. Kundi likisongamana hali huwa mbaya zaidi: Agosti 2016, huko Hardangervidda nchini Norwei, kulungu wa baridi 323 walikufa katika tukio moja. Uzio wa waya nao hubeba umeme mbali na ulipopigwa. Kama nguzo ni za mbao, chimbia fimbo ya chuma iliyounganishwa na nyaya zote kila baada ya mita 45 hivi. Kisomaji cha langoni kichomolewe umeme na kebo yake kabla ya dhoruba, maana kebo ndefu huvuta mawimbi ya radi hadi kwenye mashine.

Ukimkuta mnyama amekufa ghafla, usikimbilie kusema ni radi. Aliyepigwa na radi mara nyingi huvimba upesi, pengine nyasi bado ziko mdomoni, na huweza kuwa na mistari ya manyoya yaliyoungua miguuni. Lakini kimeta nacho huua ghafla na kuvimbisha, na huacha damu isiyoganda puani au sehemu ya haja. Kwa hiyo usichune, usipasue, usigawe nyama. Soma namba ya hereni bila kumgusa, piga picha za mzoga pamoja na mti au uzio ulio karibu, waondoe wanyama wengine na mbwa, umwite daktari wa mifugo. Mweleze saa mnyama aliposomwa mara ya mwisho na saa ngurumo zilipopita. Kama una bima, maelezo hayo hayo ndiyo yatakayoombwa, na hereni ibaki sikioni hadi ukaguzi uishe.