Kuchagua gari la kasi la mtumba ukiwa Mombasa: anza na safari ya kurudi

Kila baada ya siku chache huingia kijana gerejini kwangu, simu mkononi, picha ya Subaru ya buluu yenye rimu za dhahabu. Swali ni lile lile: "Fundi, hili linakimbia?" Linakimbia, mwanangu. Yote ya aina hiyo yanakimbia. Mimi nataka kujua kama gari hilo, likishakimbia Jumapili kule Athi River, Jumatatu saa moja unusu asubuhi litakuwa limekufikisha kazini Moi Avenue huku kiyoyozi kinapuliza.

Maana Mombasa hatuna uwanja wa lami wa kukimbiza magari. Tuna gokati huku Barabara ya Malindi, basi. Anayetaka kupima gari lake kihalali, kofia ngumu kichwani na mtu wa saa pembeni, hupanda bara: uwanja wa Whistling Morans pale Athi River, au Kiambu siku barabara inapofungwa kwa mbio za kupimana muda. Ni kama kilomita 450 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na wengi wetu hatuna trela. Gari linalokwenda kushindana ndilo hilo hilo la kukurudisha kwa mkeo. Mimi huchagua gari kwa safari hiyo ya kurudi, na hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Ijue njia yako ya kila siku

Kama unaishi Likoni au Diani, nenda ukasimame kivukoni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Tazama pale ubao wa feri unapokutana na saruji. Utaona magari yaliyoshushwa yakipita mshazari, dereva ameuma meno, na bado utasikia ile "krrr" ya bampa. Mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Gari la chini sana halikufai, au ujizoeze kupita barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri.

Kama njia yako ni Daraja la Nyali, adui yako ni klachi na joto. Klachi ngumu ya mashindano ni tamu kwa dakika ishirini za uwanjani. Kwenye foleni ya jioni itakuvimbisha goti. Mnunuzi wa gari la gia za mkono namwambia alijaribu saa kumi na moja jioni, si Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Dalali hatapenda. Usimsikilize.

Hatua ya 2: Gawa pesa kabla hujaangalia picha

Ukiwa na milioni moja na nusu, tafuta gari la milioni moja. Ile nusu ni ya tairi, breki, mikanda ya injini, bushi, rejeta na lile jambo moja ambalo hakuna aliyekuambia. Sijawahi kumwona mtu akijuta kwa kubakiza pesa hizo.

Kuhusu kuagiza Japani: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo zile Impreza na Lancer Evolution za zamani tunazozililia hazishuki tena Kilindini. Unanunua zilizoko nchini tayari, namba za usajili zinazoanza na KB na KC, zilizopita mikono mitano. Ndiyo maana bei yake haishuki ilivyo kawaida ya magari mengine. Ukiagiza jipya kidogo, kumbuka injini isiyozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango cha chini kuliko kubwa yake, na juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu hiyo yote kabla ya kutuma hata senti.

Hatua ya 3: Chagua injini itakayostahimili mambo matatu: joto letu, petroli yetu, na mlima

Hapa ndipo nitakawia.

Joto kwanza. Hewa ya Mombasa ikiwa nyuzi 32, injini ya turbo, yaani yenye feni ya kuisukumia hewa ndani kwa nguvu, inavuta hewa moto, na hewa moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Fundi husema "inagonga". Petroli nayo: magari mengi ya kasi ya Kijapani yalipangwa yanywe ile wanayoiita haioku, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) kama 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Jaza ile ya daraja la juu ambayo baadhi ya vituo huuza, na kama gari limeongezwa nguvu kwa kompyuta, uliza lilipangiwa petroli gani. Muuzaji akikujibu "yoyote," umeshapata jibu.

Mlima sasa. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, na Athi River iko kama mita 1500 juu ya bahari. Gari lililokuwa na farasi 200 hapa Bamburi, kule utadhani thelathini wameshukia Voi. La turbo haliumii sana. Usije ukalaumu fundi.

Kwa mtu anayeanza, mimi humpa Suzuki Swift Sport ya kuanzia 2017, ile ya turbo ya lita 1.4. Ina farasi 140 tu, lakini ya gia za mkono ina uzito wa kilo 970. Uzito ndio unaokula breki na tairi, kwa hivyo kijigari hiki kinakimbia siku nzima bila kulia. Sehemu za nyuma zina nafasi, mama mtu ataingia na vikapu vyake vya Marikiti, na hakuna mwizi wala askari anayeligeukia.

Toyota 86 au nduguye Subaru BRZ ni la mtu anayetaka kujifunza kuendesha hasa: mvuto wa nyuma, farasi 200, kilo 1230 hivi, usukani unaoongea. Zile za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani mwaka 2018 kubadilishiwa springi za vali. Ukikuta ya miaka hiyo, dai uthibitisho kwamba kazi ilifanywa, na ujue ilifanywa na nani, maana injini hushushwa.

Subaru WRX STI, basi. Najua ndiyo mliyoijia. Ile ya Japani ya lita 2.0 ni injini ngumu ikiheshimiwa. Ile ya lita 2.5 iliyouzwa masoko mengine ina ugonjwa unaojulikana: pistoni hupasuka pale pete zinapokaa, mara nyingi silinda ya nne, hasa ikigonga kwa petroli hafifu. Halafu ni kilo karibu 1500 za kusimamisha kila kona. Ni gari la raha kubwa. Ni gari pia lililonijengea nusu ya gereji hii.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada mwenyewe

Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi nzima ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule linakouzwa, si picha iliyokatwa. Gredi 4 na 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W pamenyooshwa na kupigwa rangi, XX kipande kimebadilishwa, S kutu, C kutu iliyokwisha kula bati. XX moja kwenye boneti si msiba. XX mbili za mbele pamoja na W kwenye mlango, hapo kuna hadithi. Linganisha namba ya chesi na iliyo kwenye gari, herufi kwa herufi.

La humu nchini, tafuta mwenyewe rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya kulipa, uone kama benki au mkopeshaji ameandikwa kwenye logibuku. Hiyo ni kazi ya dakika chache, hakuna sababu ya kuiruka.

Hatua ya 5: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, kunywa chai, rudi kesho. Gari lenye matatizo ya kuwaka hupashwa moto kabla ya mgeni.

Halafu lala chini. Sisi tuna chumvi. Gari lililolala miaka Nyali au Shanzu karibu na ufuo huliwa kuanzia mapaipu ya breki na boliti za chini. Kwaruza mapezi ya rejeta na ya kondensa ya kiyoyozi kwa ukucha: yakipukutika kama kaukau, hesabu kununua mapya, maana rejeta hiyo haitapanda Mtito Andei kwa amani.

Vuta mkanda wa usalama wa abiria hadi mwisho, utaona kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Mikanda minne ikiwa ya mwaka mmoja na mmoja wa mwaka mwingine, gari liligongwa likalipua mkanda. Inua kapeti, nusa. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari limefanyiwa mbio na mwenyewe anakana, tazama diski za breki. Zikiwa na rangi ya buluu au nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi, zilichomwa.

Mwisho pima kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, ya silinda zote. Tofauti ikipita asilimia 10 baina ya ya juu na ya chini, mimi huondoka. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni na kuzitoa ni kazi, muuzaji atalalamika muda. Mlipe fundi wako saa ya ziada.

Hatua ya 6: Kabla ya kupanda bara

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na tairi mpya, pedi mpya, na oili ya breki ya miaka mitatu. Oili ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa ya kwetu ni unyevu mtupu. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Mzunguko wa sita, mwisho wa mnyoofu, nikakanyaga breki na pedali ikazama kama mguu kwenye tope la mikoko ya Tudor. Nikapiga tena, nikapiga tena, gia tatu, gia mbili, nikamalizia kwenye majani. Gari halikupata kitu. Mimi nilikaa nje ya gari robo saa kabla miguu haijakubali kusimama.

Tangu hapo oili ya breki hubadilishwa wiki moja kabla ya kila safari, bila mjadala. Soma pia karatasi yako ya bima: bima kubwa kwa kawaida hukataa kulipa ajali ya mashindano au ya kupimana kasi, kwa hivyo chochote utakachovunja uwanjani ni chako.

Uwanjani, mizunguko minne ya kasi, mmoja wa kupoza, bila kuvuta breki ya mkono ukisimama, la sivyo pedi zitagandia diski. Pima oili ya injini kila ukiingia kupumzika.

Na jioni usiondoke mara tu bendera inaposhushwa. Ngoja gari lipoe, kaza nati za magurudumu, angalia pedi zimebaki unene gani. Usiku ukikushika, lala Emali au Mtito Andei. Njia ile ina malori mengi na wewe umechoka kuliko unavyojua. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ukipime. Mimi huwa na lita mbili kwenye buti, na zaidi ya mara moja zimefika Mariakani zikiwa zimebaki nusu.