BRIC: kutuliza mwasho na manjano yanayorudi

BRIC, ugonjwa wa ini ambamo nyongo hukwama kwa vipindi, huamka, hutesa wiki kadhaa au miezi, kisha hulala hata miaka. Mirija ya nyongo iko wazi. Kasoro iko kwenye jeni ya ATP8B1 au ABCB11, ndiyo maana seli za ini hushindwa kusukuma nyongo nje. Mwasho hutangulia, macho ya manjano hufuata.

Altrasaundi ifanywe kwanza, na ikibidi MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo), kuhakikisha hakuna kilichoziba. Kwenye vipimo vya damu vya ini, ALP na bilirubini zikiwa juu huku GGT ikiwa ya kawaida, fikiria BRIC. Usikimbilie kupasua kutafuta mawe.

Piriton humsinzisha mgonjwa tu, kwa kuwa mwasho huu si wa mzio. Anza na kolestiramini, unga unaonasa nyongo tumboni: pakiti ya gramu 4 kabla ya kifungua kinywa na nyingine baada yake, kwani nyongo iliyokusanyika usiku humwagika saa hizo. Mimina unga kwenye glasi ya maji, uache dakika 2 uloe, koroga, kunywa. Mkavu utakwama kooni. Kwa siku usizidi gramu 16. Dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla au saa 4 hadi 6 baadaye, la sivyo kolestiramini itazinasa na kutoka nazo chooni. Hapa ndipo wengi huharibu.

Isipotosha, daktari huongeza rifampisini: mg 150 kwa siku, akipandisha hadi mg 300 mara mbili. Ni ileile ya TB, kwa hiyo TB itafutwe kwanza. Mwenye TB akiimeza peke yake huzaa usugu. Vidonge vya mchanganyiko vya kliniki ya TB havifai, vina isoniazidi inayoweza kuumiza ini. Rifampisini nayo inaweza: ALT (kipimo cha damu cha madhara ya ini) ipimwe mara kwa mara, ikipanda isimamishwe. Mkojo utakuwa wa machungwa, basi usipime nafuu kwa mkojo. Tazama choo: kikitoka weupe wa udongo kurudi kahawia, nyongo inapita.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni viachwe, huweza kuamsha ugonjwa. Kijiti nacho hudhoofishwa na rifampisini. Kitanzi cha shaba ni salama zaidi.

Bila nyongo, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi. INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ikipanda, vitamini K mg 10 itolewe kwa sindano, si kidonge.

Mwasho ukishinda yote, mrija mwembamba hupitishwa puani hadi njia ya nyongo kuitoa nje. Baadhi hupata usingizi ndani ya siku chache.