Jinsi ya kuivusha biashara ndogo miezi mikavu bila kula mtaji

Nimewashikia wafanyabiashara wadogo madaftari ya hesabu kwa muda mrefu. Wengi niliowaona wakifunga hawakuangushwa na msimu mbaya, yaani miezi mikavu ambayo mauzo hushuka. Waliangushwa na msimu mzuri ambao mapato yake waliyatumia yote. Kwa hiyo anza kufuata hatua hizi mauzo yakiwa bado yamechangamka. Kama umeshakwama, piga hesabu za hatua ya 1 na 2, kisha ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 1: Ujue msimu wako kwa namba

Chukua mauzo ya miezi 24, au 36 ukiwa nayo. Mwaka mmoja hautoshi, maana mwezi unaweza kuharibika kwa sababu tu uliugua. Jumlisha mauzo ya mwaka, gawanya kwa 12, upate wastani. Kisha gawanya mauzo ya kila mwezi kwa wastani huo. Mwezi unaotoa 1.3 umepanda asilimia 30, unaotoa 0.6 umeshuka asilimia 40. Mwezi uleule ukishuka kila mwaka, huo ni msimu. Lakini wastani wenyewe ukipungua mwaka hadi mwaka, una ugonjwa mwingine, na mwongozo huu hautautibu.

Hatua ya 2: Pima shimo

Andika gharama zinazokungoja hata usipouza kitu: pango, mishahara, marejesho ya mkopo. Ongeza na pesa unayopeleka nyumbani. Hiyo wengi huiacha nje ya hesabu, na ndimo mtaji unamoliwa kimyakimya.

Tuseme gharama hizo ni 600 kwa mwezi. Mwezi mkavu unauza 1,000, na katika kila 100 unayouza, 60 inarudi kununua mzigo. Zinakubakia 400, kwa hiyo umepungukiwa 200. Miezi mikavu ikiwa mitatu, shimo lako ni 600. Gawanya kwa miezi tisa iliyobaki: takriban 67 kila mwezi. Ziweke kando, kwenye akaunti nyingine kabisa, na uziweke kidogokidogo kila wiki kabla hujagusa faida. Ukisubiri mwisho wa mwezi uone kilichobaki, hakitabaki kitu.

Hatua ya 3: Ingia msimu mkavu ukiwa mwepesi

Agizo la mwisho la msimu mzuri ndilo hatari kuliko yote. Nilipokuwa na duka langu niliwahi kuagiza mzigo mkubwa wiki ya mwisho ya pilikapilika, nikidhani wateja wataendelea hivyohivyo. Pesa yangu ikalala rafuni miezi minne. Siku hizi nashauri kupunguza maagizo wiki chache kabla mauzo hayajashuka, hata kama baadhi ya wateja watakosa walichotaka. Dai madeni wakati huohuo pia. Anayedaiwa huenda naye ana miezi yake mikavu.

Hatua ya 4: Zungumza kabla hujachelewa kulipa

Mwendee mwenye jengo na wanaokuuzia mzigo ukiwa na namba za hatua ya 1 mkononi. Omba kulipa pungufu miezi mikavu na kufidia miezi mizuri. Ombi linalokuja kabla ya tarehe ya malipo husikilizwa. Likija baada yake linasikika kama kisingizio. Ukilazimika kukopa, kopa kiasi cha shimo la hatua ya 2 tu.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kushusha bei

Bidhaa unayoinunua kwa 60 na kuiuza 100 inakupa 40. Ukitoa punguzo la asilimia 20, unauza 80 na kubaki na 20. Sasa lazima uuze mara mbili ili upate faida ileile, tena katika mwezi ambao wateja hawapo! Shusha bei ya mzigo utakaoharibika au kupitwa na wakati. Mwingine uache.

Hatua ya 6: Ipe kazi miezi hiyo

Likizo za wafanyakazi, matengenezo ya mashine na kuhesabu stoo vifanyike sasa. Wapigie na wateja wa zamani, uwaulize watahitaji nini msimu ukirudi. Majibu yao yatakusaidia kuandika agizo la kwanza. Mauzo yakianza kupanda, linganisha shimo ulilokadiria na lililotokea. Kama ulikadiria 600 ikawa 700, gawanya 700 kwa tisa na uanze kuweka kando wiki hiyohiyo.