Namna ya kupata mkutano wa kuacha pombe ukiwa Kenya, na kufika

Nimetoka kumsindikiza rafiki kwenye mkutano wake wa kwanza wa Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapa Nairobi. Nia ya kwenda alikuwa nayo tangu zamani. Kilichomkwamisha ni kujua mkutano uko wapi na unaanza saa ngapi, kwa hiyo sehemu hiyo nimeieleza kwa kirefu.

1. Kama unakunywa kila siku, muone daktari kwanza. Mtu ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na siku ya pili au ya tatu akaanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Hospitali zina dawa za kumvusha salama, na mkutano hauwezi kuchukua nafasi ya dawa. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya.

2. Tafuta kwa jina kamili. Ukiandika "AA Kenya" kwenye simu utaletewa shule ya udereva na ukaguzi wa magari, kwa sababu hapa kwetu herufi hizo zimezoeleka kuwa za chama cha wenye magari. Andika "Alcoholics Anonymous" pamoja na jina la mji wako. Ipo pia programu ya simu inayoitwa Meeting Guide, ya bure, ambayo hukuonyesha mikutano iliyo karibu nawe. Mimi naitumia kupata namba ya simu tu, halafu napiga.

3. Hakikisha mahali na saa. Hapa usifanye haraka. Orodha za mtandaoni huchakaa: kikundi huhama ukumbi, hubadilisha siku, au huvunjika, na tangazo likabaki palepale. Kwa hiyo piga simu. Usitume ujumbe, maana ujumbe unaweza kukaa siku nzima bila jibu na ile nia ikapoa. Anayepokea ni mtu aliyewahi kunywa kama wewe, hatakushangaa. Muulize mambo matatu: mkutano bado upo? Unaingilia geti gani? Chumba kipi hasa? Mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, na mlinzi wa getini huenda hajui kikundi hicho. Ukiwa na jina la ukumbi, utamuuliza ukumbi tu, bila kumweleza shida yako.

Kisha saa. Orodha huandikwa kwa Kiingereza, nasi tunazungumza kwa Kiswahili. 6:30 ya jioni ni saa kumi na mbili na nusu. Nimeona mtu akikosea saa akakuta wenzake wanakaribia kufunga, akageuka akarudi nyumbani, na ilichukua muda mrefu kumshawishi tena. Rudia saa hiyo kwenye simu kwa Kiswahili hadi mkubaliane.

Kama uko mbali na mji, kuna mikutano ya mtandaoni, na hapo saa ndiyo hasa huvuruga watu. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima, Waingereza hubadilisha mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Mkutano wa saa moja jioni ya London kwetu ni saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao, na saa nne wakati wa baridi. Wa Marekani wa jioni utakukuta katikati ya usingizi. Ninaowapendekezea watu ni wa Afrika Kusini: wako nyuma yetu kwa saa moja tu, Januari hadi Disemba. Lakini kama kuna ukumbi unaofikika kwa matatu, nenda ukumbini. Kwenye skrini ni rahisi mno kuzima kamera na kutoweka.

4. Uliza kama mkutano ni wa wazi. Wa wazi unaruhusu hata mke, mume au rafiki wa kukusindikiza. Uliofungwa ni wa wenye shida ya pombe peke yao.

5. Nenda. Fika mapema kidogo. Hakuna fomu wala ada. Kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Jina moja linatosha. Ukiombwa kusema, sema "leo nasikiliza tu", na hakuna atakayekusukuma. Wanaposema Mungu, ni kwa namna kila mtu anavyomwelewa. Mwislamu ana nafasi yake sawa na Mkristo, na ukumbi wa kanisa hauufanyi mkutano kuwa ibada.

6. Usiondoke bila namba za simu. Hili nalisisitiza kuliko yote yanayotokea ukumbini. Chama chenyewe kilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Bill Wilson aliposhikwa na hamu ya kunywa akiwa safarini, akapiga simu huku na huku kumtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari Bob Smith. Chukua namba za watu wawili au watatu, mwanamke achukue za wanawake, na umpigie mmoja kesho yake hata kama huna shida, ili siku hamu itakapokushika usione aibu kupiga. Kikundi kisipokufaa, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa.

Wa nyumbani nao wana mikutano yao, Al-Anon. Mkeo au mumeo anaweza kwenda hata kama wewe bado unakunywa.