Kufufua ncha ya pasi ya kulehemu
Ncha ikigeuka nyeusi na risasi ya kulehemia ikaviringika na kudondoka badala ya kushika, jambo lisilokawia hapa Unguja kwa pasi inayolala dirishani penye upepo wa bahari, usikimbilie tupa ya kukwangulia, kwani chini ya weusi huo mna ganda jembamba la chuma linaloikinga shaba isiliwe na bati lililomo katika risasi, na likishakwanguka ncha haina dawa. Ipashe moto kiasi cha nyuzi joto 300 za Selsiasi, ichovye katika rosini (utomvu mkavu wa msonobari), isugue kwa nyuzi za shaba njano, kisha iyeyushie risasi kwa wingi. Rudia mpaka ing’are. Ikishindikana, chonga nyingine kwa waya mnene wa shaba (hapo tupa ruhusa, ingawa italika upesi) na uipake risasi mara tu inapopata moto.